Sura ya Sita: Kelele Zilizomo Ndani ya Boksi

Kaseti zilikuwa kumi na nne, ndani ya kopo la biskuti lililoshika kutu ukingoni. Shangazi alinikabidhi kopo hilo Tanga, akalifunga kwa kanga ya zamani ili zisigongane njiani. Nyingi hazikuandikwa kitu. Mbili zilikuwa na maneno ya kalamu ya bluu, "Harusi, upande wa kwanza", bila mwaka wala jina la bibi harusi. Nilichojua ni kwamba ndani yake mna taarabu ya uani, iliyorekodiwa kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya kiti mbele ya spika, katika mji uliotoa Black Star na Lucky Star, mji ambao watu wake walijua kusikiliza. Nilitaka kuzihamishia kwenye kompyuta kabla mikanda haijaanza kugandana.

Nikaazima deki, nikatafuta waya wenye pini mbili upande mmoja na jeki upande wa pili, nikauchomeka kwenye tundu la bluu nyuma ya kompyuta yangu ya mezani, nikafungua programu ya Audacity na kuvaa hedifoni. Deki ilikuwa bado haijaanza kucheza nilipousikia: mlio mwembamba, kama mbu aliyenaswa ndani ya chandarua. Nikasogeza mausi, mlio ukabadilika. Nikaburuta dirisha kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine, ukapanda. Nikaacha, ukashuka. Kompyuta ilikuwa inajirekodi yenyewe.

Mlio ule ulinifundisha mengi zaidi kuhusu kadi ya sauti kuliko matangazo yote niliyowahi kusoma. Watu huuza kadi kwa namba: kilohezi hizi, biti zile. Namba zina maana yake, nitazifikia. Lakini mtu akiniuliza leo kadi ya sauti inafanya nini hasa, nitamjibu kwamba inahamisha mahali pa kufanyia kazi. Inaiondoa sauti kwenye chumba chenye makelele na kuipeleka kwenye chumba chake.

Ndani ya kompyuta sauti ni hesabu tupu. Katika CD, kila sekunde moja ya muziki imekatwa vipande 44,100 kwa kila upande wa stirio, na kila kipande kimepimwa kwa ngazi zilizo 65,536. Hesabu hizo zinapopita ndani ya mashine haziingiwi na mvumo wala mkwaruzo. Moja ni moja, sifuri ni sifuri. Shida huanza mlangoni. Ili sikio lisikie, hesabu lazima igeuzwe kuwa volti. Ili kaseti irekodiwe, volti lazima igeuzwe kuwa hesabu. Kazi hiyo hufanywa na kigeuzi, chipu ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kati ya kigeuzi na tundu la jeki pana sentimita chache za shaba, na uhai wote wa muziki hutegemea sentimita hizo. Deki ya kaseti hutoa kama volti 0.3 hivi. Maiki hutoa milivolti chache tu.

Sasa tazama majirani. Kwenye ubao mama huohuo, mazabodi kama mafundi wanavyoiita, kuna mizunguko inayolisha prosesa ambayo hukata na kuunga umeme mamia ya maelfu ya mara kila sekunde. Kuna kadi ya picha inayovuta umeme mwingi kwa ghafla, kuna feni, kuna pawa saplai. Wote hao wanarudisha umeme wao kwenye shaba ileile ya ardhi ambayo kigeuzi cha sauti huitumia kama sifuri yake. Ukisogeza mausi, skrini inachorwa upya, prosesa na kadi ya picha zinashtuka, umeme unapanda na kushuka, na ile sifuri inatikisika. Kigeuzi hakina namna ya kujua kwamba mtikisiko huo si muziki. Kinaupima kwa uaminifu na kuuandika.

Ubao mama wa miaka ya karibuni umejengwa kwa kulijua hilo. Ukimulika tochi pembeni mwa ubao, karibu na matundu ya sauti, mara nyingi utaona mstari mwembamba kama mshono wa kanzu ukiizunguka sehemu hiyo. Pale shaba ya sauti imetengwa na shaba nyingine. Mwenye ubao wa namna hiyo, tena akiwa msikilizaji tu, huenda asihitaji chochote kinachosemwa katika sura hii. Mashine yangu ilikuwa mtumba wa ofisini niliyoinunua Kariakoo, imara kama jiwe la kiama, lakini aliyeibuni aliwafikiria makarani.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, kuna jaribio la bure. Watu wengi huchomeka hedifoni kwenye tundu la mbele kwa sababu liko karibu. Tundu hilo limeungwa na ubao kwa waya mrefu unaopita katikati ya boksi lote, mara nyingi bila kinga yoyote, na njiani huokota kila takataka ya umeme. Hamia nyuma. Nimewaona watu wawili waliokuwa tayari wameshatenga fedha za kadi wakiponywa na kitendo hicho kimoja.

Zamani swali la kununua au kutonunua halikuwapo. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na spika moja ndogo iliyojua kufanya mambo mawili, kusukuma na kuacha. Ililia "piii" ukikosea, basi. Mwaka 1987 kampuni ya AdLib ya Quebec, Kanada, iliyoanzishwa na Martin Prével, aliyekuwa mwalimu wa muziki wa chuo kikuu, ilitoa kadi yenye chipu ya Yamaha iliyoweza kuunda sauti tisa kwa wakati mmoja. Chipu hiyo ilitumia njia aliyoigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967, ya kutumia wimbi moja kulitetemesha jingine hadi lizae mlio wa kengele, tarumbeta au kinanda.

Lakini hadithi ninayoipenda zaidi inatoka Singapore. Sim Wong Hoo alikuwa kijana wa chuo cha ufundi aliyependa kupiga harmonika. Mwaka 1981 alifungua duka dogo la kutengeneza kompyuta, akaliita Creative Technology. Mwaka 1986 walitoa kompyuta yao wenyewe, Cubic CT, iliyojua Kichina na yenye uwezo mkubwa wa rangi na sauti kuliko nyingi za wakati wake. Haikuuzika. Hapo ndipo alipoonyesha akili ambayo hadi leo inanigusa: aliitazama mashine iliyoshindwa, akaitoa ile sehemu ya sauti, akaifanya kadi peke yake. Mwaka 1989 ikatoka Sound Blaster. Ndani yake aliweka chipu ileile ya Yamaha, hivyo kila mchezo ulioandikwa kwa ajili ya AdLib ulicheza humo bila kubadilishwa. Kisha akaongeza vitu viwili ambavyo AdLib haikuwa navyo: uwezo wa kurekodi na kucheza sauti halisi, japo kwa biti 8 tu, na tundu la kuchomeka fimbo ya kuchezea michezo. Mnunuzi alilipia kadi moja, akapata kazi za kadi mbili na nusu. Mwaka 1992 Sound Blaster 16 ilileta biti 16 na kilohezi 44.1, yaani vipimo vya CD, ndani ya kompyuta ya nyumbani, na mwaka huohuo hisa za Creative zikaanza kuuzwa Nasdaq, Marekani. Sim alifariki Januari 2023. Kwa muda mrefu, "kadi ya sauti" na "Sound Blaster" vilikuwa kitu kimoja vinywani mwa watu, kama watu wa kwetu wanavyoita kila sabuni ya unga Omo.

Kilichoiondoa kadi ndani ya maboksi yetu ni urahisi. Mwaka 1997 Intel ilitoa utaratibu wa AC'97, na mwaka 2004 ukafuata HD Audio, ambao uliruhusu kigeuzi cha bei ya chini kabisa kikae juu ya ubao mama na prosesa ibebe kazi iliyobaki. Fungua mashine nyingi za leo utaona chipu ya Realtek ya Taiwani, yenye alama ya kaa. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, iliziondolea kadi njia waliyokuwa wakiitumia watengenezaji wa michezo kuzikabidhi moja kwa moja kazi ya kuchanganya sauti, na sababu kubwa ya wachezaji kununua kadi ikapungua.

Waliobaki wakiihitaji ni watu wa aina tatu. Wa kwanza ana mlio wa mbu kama wangu. Wa pili ana hedifoni nzito, zile za studio zenye oumu 250 au 600, ambazo ubao mama hauwezi kuzisukuma. Atasikia muziki, ila mdogo na mnyonge, hata akipandisha sauti hadi mwisho. Wa tatu anarekodi kutoka nje: kaseti, santuri, ala. Mimi nilikuwa wa kwanza na wa tatu kwa pamoja.

Nitasema wazi kwamba kwa watu wengi wa makundi hayo, kiboksi cha nje kinachochomekwa kwenye USB ni bora kuliko kadi ya ndani. Kiko mbali na makelele ya boksi, na kesho kitatumika kwenye laptopu. Mimi nilichagua kadi kwa sababu moja. Viboksi vya bei niliyoimudu vilikuwa na tundu la maiki peke yake, na tundu la maiki mara nyingi si la stirio. Tena limejengwa kukuza milivolti. Ukililetea volti 0.3 za deki, sauti inajaa na kupasuka, na sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haishoneki. Nilihitaji tundu la laini ya kuingizia, lile ambalo kwa desturi hupakwa rangi ya bluu, lenye pande zote mbili. Kadi za bei hiyohiyo zilikuwa nalo.

Kununua kulinichukua safari mbili, na safari ya kwanza ilipotea kwa uzembe wangu. Sikuwa nimefungua boksi. Nilirudi na kadi ya PCI, ile ya zamani, kumbe ubao wangu una nafasi za PCI Express peke yake. Hizi mbili hazioani hata kwa nguvu. Mara ya pili fundi mmoja wa Kariakoo alinishika mkono. "Kaka, usiniambie jina la kompyuta, nioneshe picha ya ndani," alisema. Alitazama picha kwenye simu, akaonesha kwa kidole nafasi fupi ya PCI Express iliyokuwa wazi, halafu akauliza jambo ambalo sikulifikiria: boksi ni nene au jembamba? Kompyuta nyingi za ofisini ni nyembamba, na kadi ya kawaida haiingii. Inatakiwa kadi fupi yenye bati fupi la kushikia nyuma. Tangu siku hiyo nikimsindikiza mtu kununua kifaa chochote cha ndani, picha ndiyo hutangulia.

Sasa zile namba. Kwenye pakiti utaona uwiano wa sauti kwa kelele, unaoandikwa kwa desibeli. Kadi ya bei ya chini inaweza kuandikwa 106. Asus Xonar Essence STX ya mwaka 2009, iliyopendwa sana na wenye hedifoni nzito, iliandikwa 124. Tofauti hiyo ni ya kweli, ila jiulize unaingiza nini. Kaseti ya kawaida ina kama desibeli 50 hadi 60 kati ya muziki na mchakacho wake yenyewe. Kadi ya 106 imeizidi mbali sana, na fedha za ziada hazitaipa kaseti kile ambacho haikuwahi kuwa nacho. Angalia pia kwamba namba kubwa ya kwenye pakiti kwa kawaida ni ya upande wa kutoa sauti. Anayerekodi atafute namba ya upande wa kuingiza, ambayo huandikwa kwa maandishi madogo.

Kilohezi 192 zilizotajwa kwa mbwembwe sikuzigusa. Ili kuihifadhi sauti unahitaji kuipima mara mbili na zaidi ya mtetemo wake wa juu kabisa. Sikio la kijana mzima huishia karibu na kilohezi 20, la mtu wa umri wangu huishia chini ya hapo, na kaseti ya harusi ni bahati ikifika 15. Kilohezi 48 zinatosha na kubaki. Biti 24, kwa upande mwingine, nazitetea. Si kwa sababu sikio litasikia tofauti na 16, bali kwa sababu zinakuruhusu kurekodi kwa tahadhari, ukiacha nafasi juu kwa ajili ya vigelegele. Kwenye harusi vigelegele havitoi taarifa. Kwa vipimo hivyo dakika 60 za stirio hula kama gigabaiti moja, na diski ya mtumba inaweza kubeba uhai mzima wa ukoo.

Kuichomeka kadi hakukuchukua dakika ishirini. Zima mashine, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa kadi, kwa maana mwili hubeba umeme tuli ambao wewe huwezi kuuhisi ila unaua chipu. Kama una nafasi mbili, chagua iliyo mbali na kadi ya picha. Sukuma kwa usawa mpaka isikike imekaa, na usiache kufunga ile skrubu ya nyuma: kazi yake si kushikilia tu, inaiunga kadi na chuma cha boksi. Baada ya kuwasha, weka programu endeshi, nenda kwenye mipangilio ya sauti uchague kadi mpya, na uzime mapambo yote yanayojiita maboresho. Anayerekodi kumbukumbu anataka kilichomo kwenye mkanda, si mwangwi wa ukumbi bandia.

Nikavaa hedifoni. Mbu alikuwa ameondoka. Nikasogeza mausi kama mwendawazimu, kimya. Kimya hicho ndicho nilichokilipia, na sijawahi kujutia.

Ila chini ya kimya palikuwa na kitu kingine: mvumo mzito, usiobadilika, hata mausi ikikaa. Huo haukutoka ndani ya boksi. Umeme wetu wa nyumbani hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wa namna hiyo mara nyingi huja pale vifaa viwili vyenye waya wa ethi vinapochomekwa kwenye soketi mbili tofauti kisha vikaungwa kwa waya wa sauti. Ethi mbili na waya mmoja vinafanya duara, na umeme huzunguka humo. Kompyuta yangu ilikuwa ukuta wa kushoto; deki ilikuwa imeungana na amplifaya ya ukuta wa kulia. Nikavihamishia vyote kwenye ekstensheni moja, mvumo ukafifia mpaka nikaupoteza. Wapo watakaokushauri ukate pini ya ethi. Usikubali; pini hiyo ipo ili siku waya ukigusa chuma usife wewe.

Kazi ya kaseti ikaanza. Nikasafisha vichwa vya deki kwa pamba na spiriti, nikapeleka kila mkanda mbele na nyuma mara moja ili ulegee, nikarekodi zote kumi na nne kwa wiki tatu za jioni. Ud ulisikika ukitafutwa tuni kabla ya wimbo. Rika ilisikika ikiwekwa chini. Katika jaribio langu la kwanza yote hayo yalikuwa chini ya mbu.

Shangazi alikuja Dar es Salaam baada ya Idi. Nikampa hedifoni, akaziweka juu ya mtandio wake, akasikiliza upande mzima wa ile kaseti ya kalamu ya bluu bila kusema neno. Kisha akazivua.

"Mwanangu, kazi nzuri," alisema. "Lakini huyu si yeye. Sauti yake ilikuwa nzito. Mwanzo nilimjua, baadaye amekuwa mtoto."

Nililiamini sikio lake, ila nilitaka kuona. Kati ya wimbo na wimbo palikuwa na vituo vifupi ambapo watu wamenyamaza na spika za bendi zinavuma tu, kwa sababu amplifaya yao ilikuwa ya umeme wa ukutani. Mvumo ule wa Tanga ulikuwa lazima uwe mtetemo 50, na maradufu yake 100. Nikakata kipande cha kimya cha mwanzo wa upande, nikaipa Audacity ichore mitetemo yake: kilele kilisimama kwenye 100. Kipande cha katikati: 102. Cha mwisho: 106. Mkanda ulikuwa ukienda mbio kidogo kidogo, mpaka mwishoni mwimbaji amepandishwa nusu toni nzima. Kama mvumo wa ukuta wangu mwenyewe ungekuwa bado umo, nisingeweza kuutenganisha na ule wao.

Nikamwonesha shangazi vile vilele kwenye skrini, nikamweleza kwamba redio kaseti ilikuwa inapungua mwendo wakati wa kurekodi, ndiyo maana leo inasikika haraka. Alitazama kwa muda.

"Betri," akasema. "Zilikuwa zimechoka. Mchana ule tulizianika juani, juu ya ungo, zote sita, tukasema zitafika alfajiri."

Usiku huo nikaukata upande ule vipande kumi na kimoja, kila kipande kwa kituo chake cha kimya, nikaanza kukipunguza mwendo kimoja baada ya kingine mpaka mvumo wa amplifaya urudi 100. Shangazi alikaa pembeni na hedifoni, akinyanyua mkono kila mara mwimbaji alipofika kwenye sauti yake.